Watu sita, shilingi 220 kwa siku: uchambuzi wa jiko moja la Mikindani

Nyumba inayochambuliwa hapa ni chumba kimoja cha kupanga mtaani Bangladesh, Mikindani, upande wa bara wa Mombasa. Mna watu sita: baba anayefanya kibarua cha kupakia na kupakua mizigo kwenye maghala ya Changamwe, mama anayefulia watu nguo, mama mkwe wa miaka 72 ambaye ni bibi wa watoto, na watoto watatu, wa miaka 13, miaka 8 na miezi 14. Huyo mdogo bado ananyonya. Si nyumba ya mtu fulani. Imeundwa kwa kuunganisha hali zinazojirudia katika nyumba nyingi za vibarua. Bei nazo ni za kukadiria na zitapishana kidogo kutoka duka hadi duka, lakini uwiano wake ndio uleule.

Mambo mawili yaliyolifanya jiko hili litazamwe kwa karibu ni deni la duka lililofika 1,900, na mkono wa mtoto mdogo uliopimwa kwa ukanda wa mhudumu wa afya ya jamii ukaangukia njano. Njano ni mzunguko wa mkono wa kati ya sentimita 11.5 na 12.5, chini ya hapo ni nyekundu na safari ni ya zahanati siku hiyohiyo. Mama akaambiwa ampe mtoto mlo kamili. Ushauri wenyewe hauna kosa, ila haukuuliza pesa za nyumba hii huingiaje, wala moto wa kupikia huo mlo kamili unagharimu nini.

Pesa zinavyoingia na zinavyotoka

Kibarua hulipa 600 kwa siku. Baba hula kibandani 80, kwa hiyo nyumbani hufika 520. Kuna wiki ya siku tano za kazi na wiki ya siku tatu. Tuchukue nne, yaani 2,080. Mama akipata nyumba mbili za kufulia kwa 350 kila moja, ni 700. Jumla ya wiki ni 2,780. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa kawaida Mombasa kilichowekwa Novemba 2024 kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kima hicho humhesabia mtu mwezi mzima wa kazi, na kibarua hana mwezi mzima.

Kodi ya chumba ikigawanywa kwa wiki ni 600. Nauli ya baba 160. Maji mitungi minne ya lita 20 kwa siku, shilingi 10 kila mmoja pale kioski, ni 280 kwa wiki. Sabuni, daftari za shule na salio la simu, 200. Zinazobaki ni 1,540, sawa na 220 kwa siku za chakula pamoja na moto.

Sasa siku ya kawaida ya nyumba hii, ilivyokuwa kabla ya mabadiliko yoyote. Asubuhi ni chai ya rangi: majani ya 5, sukari ya kupimiwa ya 20, maandazi matano ya 10 kila moja. Mchana bibi, mtoto wa miaka 8 na mdogo wao hugawana viazi karai vya 30. Yule wa miaka 13 hushinda shule bila kitu. Usiku ni sima ya kilo moja ya unga wa pakiti, 75. Mchicha au sukuma ya 20. Nyanya mbili na kitunguu, 20. Mafuta ya kupimiwa, 15. Moto ni mafuta taa ya 20 kwa chai na kopo la makaa la 50 kwa sima. Jumla 305.

Basi kila siku inayopikwa kikamilifu huzidi mfuko kwa 85, na zinazozidi huandikwa kwenye daftari la duka. Siku ambazo daftari limekwama, mwenye duka akisema "mama, la juzi bado," kinachopikwa ni sima na chumvi, au chai tupu na watu wakalala.

Tazama tena hiyo 305. Moto ni 70 na vyakula vilivyopikwa na wengine ni 80. Nusu ya pesa, basi, haiendi kwenye unga, mboga wala mafuta, na hapo ndipo kisa hiki kilipo. Familia haili vibaya kwa kutojua chakula. Inanunua maandazi na viazi karai kwa sababu kuwasha jiko mara tatu kwa siku ni ghali kuliko kutuma mtoto kibandani.

Bei ya kalori

Watu hawa sita, ukiondoa mlo wa baba kibandani na maziwa ya mama kwa mtoto, wanahitaji kalori kati ya 10,000 na 11,000 kwa siku. Siku ile ya 305 inawapa 5,800 hivi, zaidi kidogo ya nusu.

Ukipiga hesabu ya kalori 1,000 zinagharimu ngapi, picha inakuwa wazi. Unga wa mahindi wa mashine kwa 65 kilo: shilingi 18. Mafuta ya kupimiwa: 36. Sukari ya kupimiwa: 45. Maharagwe kwa 160 kilo: 47. Andazi: 50. Viazi karai hupita hapo. Kwa hiyo andazi la asubuhi lina bei karibu mara tatu ya uji wa unga uleule wa sima. Wanaowaambia maskini wapunguze sima wale matunda zaidi hawajapiga hesabu hii. Sima ndiyo inayoifanya nyumba isimame. Kazi iliyobaki ni kupata cha kuizungushia.

Kuhusu unga kuna uamuzi wa kufanya. Unga wa pakiti kwa sheria ya Kenya huongezwa vitamini na madini tangu 2012, yakiwemo madini ya chuma. Unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauongezwi, ila usipokobolewa unabaki na kiini chake na ni rahisi kwa shilingi 10 kila kilo. Kwa nyumba hii tungechukua wa mashine kwa sima ya wakubwa na kuweka pakiti moja ya kilo mbili kwa uji wa watoto. Tatizo la unga usiokobolewa ni joto la Mombasa: mafuta ya kiini huchacha, na baada ya wiki mbili tatu unga unaanza kuwa mchungu. Nunua wa wiki moja tu. Uweke kwenye ndoo yenye kifuniko, juu ya ubao, mbali na sakafu. Na mahindi ukiyanunua mwenyewe ili ukasage, yachague kwa mkono: punje zenye ukungu wa kijani au kijivu, zilizonyauka au zilizovunjika, zitupe. Sumu ya ukungu huo haiondoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa.

Maharagwe na moto

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo tukae kidogo.

Nusu kilo ya maharagwe ni 80. Yakipikwa bila kulowekwa huchukua saa mbili na nusu, yaani makopo mawili ya makaa, 100. Jumla 180. Sahani sita za maharagwe yaliyopikwa, kwa mama wa kibanda anayechemsha kilo kumi kwa jiko moja, ni 30 kila moja: 180 vilevile. Anayenunua ya kupikwa hafanyi uzembe, maana jikoni mwake angetumia pesa zilezile na kutoka jasho juu yake.

Hesabu hubadilika ukiyaloweka na kutumia kikapu cha joto. Fanya hivi. Chagua maharagwe, yaoshe, yaloweke kwa maji lita mbili kuanzia usiku hadi asubuhi, muda wa saa nane hadi kumi. Mwaga maji hayo. Tia maji mapya hadi yapite maharagwe kwa vidole viwili, funika, chemsha kwa moto mkali dakika 30 tangu yaanze kutokota. Bila kufunua, toa sufuria na uizamishe ndani ya kapu la miyaa au katoni iliyojazwa nguo kuukuu, unene wa shibiri moja chini na pembeni, na mto juu yake. Iache saa tatu au nne. Ukitoa, rudisha motoni yatokote tena kabla ya kuunga. Makaa yanayotumika ni kopo moja, na sehemu yake inatosha kupika sima papo hapo. Nusu kilo inakugharimu 130, na moto wa sima umo ndani yake.

Yanapogoma, sababu huwa ni mojawapo ya hizi. Sufuria imejaa nusu: joto halikai, kwa hiyo tumia sufuria ndogo ijae karibu na ukingo. Mtu amefunua kuchungulia. Nyanya, ndimu au ukwaju vimetiwa kabla maharagwe hayajaiva. Ukali wake huzuia ganda lisilainike, kwa hiyo huja mwisho, na tui la nazi likiwepo huja baada yao. Maharagwe ni ya zamani, yamekaa dukani mwaka mzima. Hayo hayalainiki vizuri, na dawa yake ni kubadilisha duka.

Sababu inayosahaulika kuliko zote ni maji. Visima vingi vya Mombasa vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe na maji yake yana chokaa. Chokaa hiyo huyagandisha maharagwe, unaweza kuyapika hadi usiku. Maji ya kisima yafulie na kuoshea. Ya maharagwe yawe matamu, yale ya bomba. Wengine hutia magadi kulainisha. Yanalainika kweli, ila vitamini za kundi B hupotea na ladha huwa ya sabuni.

Jambo la usalama: dakika zile za moto mkali mwanzoni si za kupunguzwa. Maharagwe mekundu yana sumu inayoharibiwa kwa kutokota tu; yakipelekwa kwenye kikapu yakiwa yamepata moto wa vuguvugu, familia nzima itatapika na kuharisha. Wala usiyalaze kikapuni hadi kesho. Kwa joto la pwani yatachacha.

Pojo hazihitaji haya yote. Zikilowekwa saa nne huiva kwa nusu saa. Siku ambayo hakuna aliyekumbuka kuloweka maharagwe, pika pojo.

Mtoto wa miezi 14

Mtoto huyu alikuwa akipewa uji mara tatu kwa siku, kikombe kizima, na mama aliamini anashiba. Alikuwa anashiba maji. Unga uliotumika ulikuwa gramu 50 kwa lita, yaani vijiko vikubwa vitano vya bapa. Kikombe cha uji huo kina kalori 45 hivi. Ukitia gramu 120 kwa lita, kikombe hichohicho kinafika zaidi ya 100, na gharama iliyoongezeka haifiki shilingi mbili. Kipimo cha kuangalia ni kijiko: ukikigeuza kijiko, uji lazima ung'ang'anie kidogo kabla ya kudondoka. Ukitiririka, ni mwepesi.

Kisha ongeza kijiko kidogo cha mafuta kwenye bakuli lake, na kijiko kikubwa cha unga wa dagaa. Dagaa wa baharini, wale wanaoanikwa pwani ya kusini kuelekea Gazi na Vanga, mara nyingi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo wana chumvi nyingi na wakati mwingine mchanga. Wapepete, waloweke kwa maji ya moto dakika kumi, mwaga, rudia hadi maji yabaki safi. Ondoa vichwa kama uchungu unasumbua. Waanike tena au wakaushe kwenye kikaango bila mafuta hadi wavunjike kwa vidole, kisha watwange kinuni na uchekeche. Kopo lililofungwa vizuri hukaa wiki mbili. Likinusa uvundo au likishika unyevu, tupa. Gramu 10 kwa siku ni shilingi 6 hivi, na ni vyakula vichache dukani vitakavyompa mtoto huyu protini na madini ya chokaa kwa pamoja kwa bei hiyo. Ng'onda na papa, samaki wa kukaushwa kwa chumvi, waachwe kwa wakubwa: kipande cha 30 hukoleza sufuria nzima, lakini chumvi yake si ya mtoto. Samaki wabichi ni biashara ya kaskazi. Kusi likivuma, Aprili hadi Septemba hivi, bahari inachafuka na hata fungu la mama karanga, muuza samaki wa kukaanga, linapungua.

Chai ya rangi wakati wa chakula ni ya kuondoa, hasa kwa mtoto na kwa mama anayenyonyesha, kwa kuwa huzuia madini ya chuma ya maharagwe na mboga yasiingie mwilini. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha inafanya kinyume chake. Kipande kimoja kinatosha.

Kununua kwa jumla: kipi kinalipa

Ushauri wa kununua kwa jumla hutolewa ovyo. Si kila kitu kinachopimiwa kidogo kidogo kina hasara sawa. Mafuta ya 15 kwa siku hutoka 300 kwa lita, na chupa ya lita ni 280 hivi. Ile 20 unayookoa huishia kwenye mkono mzito wa anayepika akiona chupa imejaa. Yaache ya kupimiwa. Sukari ni vivyo hivyo. Makaa ndiyo yenye tofauti kubwa kati ya kopo na gunia, lakini gunia linataka 1,700 kwa mkupuo, mahali pakavu, na jirani asiyegusa. Gesi ya kilo sita hukumbwa na jambo hilohilo: kwa chai na sima tu, kujaza kwa 1,300 hukaa takriban mwezi, shilingi 43 kwa siku badala ya 70, ila mtungi wenyewe lazima ununuliwe kwanza, na 1,300 haiji kwa mafungu ya 43.

Kongowea, soko kubwa la jumla la pwani, lina bei nzuri ya nafaka, vitunguu na viazi alfajiri malori yanapopakua. Nauli ya kwenda na kurudi kutoka Mikindani tumeiweka 160. Kwa manunuzi ya 500, akiba yote huishia kwenye matatu. Safari hulipa nyumba nne zikichanga na mmoja akaenda, na mgawanyo ufanyike kwa mizani siku hiyohiyo, watu wote wakiwepo. Michango ya namna hii huvunjika kwa ugomvi wa kipimo kuliko kwa kitu kingine. Nyanya zisiwemo. Kwa joto hili zinaoza kabla ya siku ya nne. Mboga za majani ni bora kwa mama mboga wa mtaani jioni, anapounganisha mafungu mawili kwa bei ya moja ili asilale nayo.

Siku mpya, na pengo lake

Jiko likipangwa upya, siku huwa hivi: asubuhi uji wa gramu 400 za unga, 26, na sukari ya 15. Mchana sima ndogo ya gramu 400, 26, na mabaki ya kitoweo cha jana yaliyotokota upya. Wa miaka 13 hubeba fungu lake kwenye kopo. Usiku unga kilo moja, 65, mboga 20, nyanya na kitunguu 15, mafuta 15, maharagwe, pojo au dagaa kwa zamu, wastani wa 40, fungu la mtoto likiwemo. Moto 60: sima ya mchana hupikwa kwa makaa yaleyale yaliyoanzisha maharagwe ya kikapuni, na uji hupata mafuta taa ya 10. Jumla 282, na kalori zimepanda kutoka 5,800 hadi 8,100 hivi.

Bado haitoshi mahitaji, na bado inapita 220 kwa shilingi 62 kwa siku, yaani 434 kwa wiki. Bibi, kwa kuwa amepita miaka 70, yumo kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, 2,000 kwa mwezi, sawa na 460 kwa wiki. Pengo linazibwa karibu kamili. Kwa maneno mengine, hela za uzee za mtu mmoja ndizo zinazolisha watu sita, na zikichelewa mwezi mmoja, hesabu yote hii inarudi dukani kwa mkopo. Malipo yaliyolimbikizwa yakiingia, 4,000 kwa pamoja, kishawishi ni kulipa deni lote siku hiyo. Tungelipa nusu na kubaki na nusu ya unga na nafaka, kwa sababu anayelipa lote na kurudi kukopa kesho yake hajatoka kwenye daftari.

Hatari nyingine ni maji. Mombasa hutegemea maji ya mbali, Mzima Springs na Baricho, na bomba kuu likipasuka au umeme wa pampu ukikatwa, kioski hufungwa. Mtungi wa mkokoteni unafika 30. Kwa mitungi 28 ya wiki, ongezeko ni 560, kubwa kuliko hela za bibi. Wiki kama hiyo fulia na uoshee maji ya kisima, na ununue mitungi miwili tu ya maji matamu kwa siku, ya kunywa na kupikia: itakuwa 420 badala ya 840. Maharagwe yapumzishwe, zipikwe pojo, maana zinakunywa maji machache. Cha kupunguza kwanza ni sukari, kisha nyanya. Mafuta na unga wa dagaa wa mtoto visiguswe, na akipimwa tena mkono baada ya wiki mbili kipimo kisipopanda, apelekwe kliniki hata kama hajaumwa.